Kadi Mbili za Dereva wa Mikate

Mwende, mama yangu,

Naandika mbio kwa sababu uko kwa Mama Wambui unasukwa, na nywele zako nazijua, hazimalizwi kabla ya saa tatu kupita. Mama yako yuko nje na jiko. Yeye na wanawake wa kanisa wanapika chapati kana kwamba huko chuoni unakokwenda kesho hakuna unga. Mimi nimejifungia humu ndani nikasema natengeneza redio. Redio yenyewe haina ubaya wowote, nimeifungua tu ili nionekane nina kazi. Barua hii nitaitia chini kabisa ya sanduku lako la bati, chini ya shuka, uikute ukianza kutandika kitanda.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako amekuandikia kurasa nne: sindano ichemshwe muda gani, chupa ya insulini ikae kwenye chungu cha maji baridi, biskuti ziwe mfuko upi. Nimezisoma zote na sikuona pa kuongeza hata nukta. Mimi nina jambo moja tu, lile ulilolisema Alhamisi.

Mlikuwa mnakunja nguo na mama yako. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, nikijifanya nimelala. Ukasema, "Mathe, huko siambii mtu. Nimechoka kuitwa mgonjwa. Wakinipa dawa ya malaria nitameza tu ninyamaze." Mama yako aliendelea kukunja blauzi ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Nilitaka kutoka nikugombeze, nikashindwa. Ningekugombezaje, Mwende, na hayo maneno ni yangu mwenyewe? Katika kuficha ugonjwa wa sukari mimi ndiye fundi hapa Makadara. Wewe bado unajifunza kazi.

Basi nakuandikia kama fundi.

Sukari yangu ilijulikana ukiwa darasa la tatu. Nilikuwa nakunywa maji kama gari lenye rejeta inayovuja. Nikaenda zahanati moja ya huku kwetu, wakapima mkojo, wakanipa vidonge na kadi. Kabla sijafika nyumbani nikakutana na Kilonzo, dereva mwenzangu pale kwenye kampuni ya mikate, mtu wa Kangundo, anayejua habari za kila mtu. Nikamwonyesha kadi. Akaangalia nyuma na mbele, akaniambia, "Aisee, kampuni wakijua una sukari, hiyo stering ya gari uiambie kwaheri. Watakuweka huko nyuma upakie kreti na vijana. Nyamaza kabisa."

Nikanyamaza. Unajua nilivyolipenda lile gari. Kutoka Maringo mpaka Mbotela watoto walikuwa wakiniita Baba Mkate, na wenye maduka walikuwa wakitoka nje wakisikia honi yangu. Kijana niliyekuja Nairobi na viatu vya kuazima nilikuwa sasa mtu anayengojewa. Kuambiwa nirudi kupakia kreti niliona ni sawa na kuambiwa nirudi Machakos kwa miguu. Kwa hiyo kadi ya sukari nikaitia kwenye mfuko wa koti la Jumapili, ambalo kampuni haijawahi kuliona. Kadi ya kampuni ikabaki kiwandani, katika kliniki ya Sista Atieno, nesi wetu, na ndani ya kadi ile nilikuwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho.

Sista Atieno alikuwa na swali lake. Kila ukienda, hata kama ni mafua, atauliza kabla ya kukupa kitu: "Mzee, kuna dawa ingine unatumia?" Nami nilikuwa na jibu langu: "Ni chai tu, Sista." Anacheka, nami nacheka. Nilijiona mjanja sana. Nililitumia jibu hilo kwa jino, nikalitumia kwa kidole kilichobanwa na mlango wa gari, na yeye hakuchoka kuuliza, kwa sababu kuuliza ilikuwa kazi yake. Yangu ilikuwa kujibu. Ni mimi ambaye sikuifanya.

Mwaka uliofuata mgongo ukanishika. Kazi ya kuinama na kreti haimwachi mtu hivihivi. Sista akanipa vidonge vya mgongo na viungo, vya nguvu, vya siku saba. Swali likaja, chai ikajibu. Kila asubuhi nikawa nameza cha sukari hapa nyumbani, cha mgongo kule kiwandani, na mgongo ukapona vizuri ajabu. Siku ya tano ndiyo ile siku ambayo nyumba hii huiita Siku ya Mikate ya Bure.

Hadithi yake unaijua, umeisimulia wewe mwenyewe kwenye harusi ya binamu yako mpaka watu wakamwaga soda. Jinsi nilivyosimamisha gari sokoni Jericho, gurudumu moja likiwa ndani ya mtaro. Jinsi nilivyoanza kumgawia mkate kila apitaye, na kijana mmoja akaita wenzake, "Manze kujeni, buda amelewa na anapeana mkate!" Jinsi mzee wa kanisa, mimi, niliyekuwa nikiwakemea vijana habari ya pombe kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, nilivyopanda juu ya kreti nikaongoza kwaya isiyokuwepo, sauti ya tatu peke yake. Hata mimi hucheka ikifika hapo. Sauti ya tatu peke yake haina utamu wowote.

Na unajua Mama Wambui alivyotoka kwenye kibanda chake cha ndizi akanishika ukosi. "Ngai! Baba Mwende, leo umekunywa nini? Mchana hivi! Mama Mwende ataweka uso wapi?" Hakuwa na habari yoyote ya sukari. Aliona mlevi, na alimhurumia mama yako. Akaniketisha nyuma ya ndizi ili watu wa kanisa wasinione, akanitengenezea chai ya kuondoa pombe kwa njia ya kwao, kikombe kikubwa chenye sukari vijiko sijui vingapi, akanisimamia mpaka nikakimaliza. Baada ya robo saa hivi nikaanza kujiuliza nafanya nini nyuma ya ndizi. Shati langu lilikuwa limelowa jasho la baridi kana kwamba nimenyeshewa. Kumbe mama yule alinipa dawa yenyewe kwa kunidhania vibaya. Mpaka leo tukimkumbusha anasema, "Mimi najua kutibu walevi, hata wale hawajakunywa."

Hapo ndipo unapomalizia hadithi, na watu hupiga makofi. Sehemu inayofuata umeisikia nusu tu.

Nilipopata nafuu niliona aibu, na aibu ikanitia haraka. Kama ningekuwa nimemwambia mtu mmoja hali yangu, angeniambia, kaa hapo, vidonge bado vimo mwilini, hiyo chai itakwisha na sukari itashuka tena. Sikuwa na wa kuniambia. Nilimshukuru Mama Wambui, nikalitoa gari mtaroni kwa msaada wa watu waliokuwa wakitafuna mkate wangu, nikaendelea na safari yangu nikiimba.

Ilikuwa karibu saa sita. Nilipita njia ya shule yenu, na nyinyi mlikuwa mnatoka kwenda nyumbani kula. Niliwaona watoto mbele yangu. Nakumbuka kuwaona, na nakumbuka kuuambia mguu ukanyage breki, na mguu ukawa kama wa mtu mwingine. Gari lilikuwa likienda polepole, hiyo ndiyo bahati yangu yote. Likapanda ukingo wa barabara, likaingia kwenye ua wa miiba ya kayaba na kuzimika. Kati ya bampa na mtoto wa mwisho kwenye mstari palikuwa na hatua moja. Nilirudi pale siku nyingine nikaipima kwa kiatu changu.

Kisha wewe ukaja mbio. Ulipanda kwenye kidato cha mlango, una unga wa chaki kwenye pua, ukasema, "Baba! Umeniletea mkate?" Nami nikakuambia, "Shuka hapo, mtoto. Mwambie babako akununulie."

Ulicheka sana. Ulienda nyumbani ukamwambia mama yako, "Baba ameniambia nimwambie babangu aninunulie," na tangu siku hiyo ukawa ndio utani wa nyumba hii. Nikikunyima kitu unasema nitamwambia babangu. Nami hucheka pamoja nanyi. Mwende, haukuwa utani. Nilikutazama usoni na sikukujua. Niliona mtoto wa mtu. Wewe ambaye nilikupa jina la mama yangu mzazi, ambaye nikikuita mama huwa nakuita kweli, nilikuambia ushuke kwenye gari langu. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata mama yako, na limenikaa kifuani miaka kumi.

Mwalimu wenu mmoja ndiye aliyenishusha. Hospitalini waliniwekea maji ya sukari mshipani, wakanilaza siku mbili, kwa kuwa kila nikiamka vizuri nazama tena. Mama yako akaleta koti la Jumapili ili mzee wa kanisa asilale na nguo za kazi, na kadi ikawa mfukoni. Kampuni ikamtuma Sista Atieno, naye akaja na ile nyingine. Daktari, kijana mwembamba wa miwani, akaziweka zote mbili juu ya blanketi langu, kwenye magoti, akazisoma. Akanieleza kwa Kiswahili chepesi kwamba dawa ile ya mgongo huuzuia mwili usiondoe dawa ya sukari. Kidonge cha leo kinakikuta cha jana bado kiko kazini, na cha juzi pia hakijaenda nyumbani. Sikumeza hata kimoja zaidi ya nilivyoandikiwa. Nilimeza kila kimoja sawasawa, na vyote viwili vilikuwa dawa nzuri. Zilikutana tumboni mwangu kwa sababu kadi zangu hazikukutana popote.

Nilimtazama Sista Atieno nikingoja matusi. Alisema tu, "Mzee, si nilikuuliza?" Macho yake yalikuwa na machozi. Alikuwa ameketi siku mbili akidhani ni yeye aliyekosea. Hiyo, mwanangu, ndiyo sehemu ya mjanja ambayo mjanja haoni: aliyedanganywa ndiye anayekosa usingizi.

Sitakudanganya kuhusu kilichofuata. Nilichokiogopa kilitokea. Usukani walichukua, na nikapelekwa kupakia kreti, kama Kilonzo alivyosema. Wiki ya kwanza sikutaka hata kupita Maringo. Lakini ulimwengu haukuanguka. Nilikuwa nikirudi nyumbani saa kumi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu uzaliwe, na ndiyo miaka niliyokufundisha hesabu za mafungu mpaka ukawa unanisahihisha. Baadaye wakanifanya msimamizi wa kupakia, na sasa ni mimi ninayewaambia madereva wapinde magoti wakiinua, maana mgongo naujua. Na Sista bado anauliza swali lake. Namjibu mpaka anaomba nipunguze.

Nilipopata presha, daktari aliitazama kadi yangu, siku hizi ni moja tu, akafikiri kwanza. Akasema kuna dawa fulani ya presha ambayo huficha dalili za sukari kushuka: moyo hautapiga mbio, mikono haitatetemeka, na mtu anaweza kuzama bila kujua. Alisema jasho ndilo haliwezi kufichwa. Akanipa hiyo hiyo kwa kipimo kidogo, tukajua wote wawili cha kuangalia. Ndiyo maana nikitokwa na jasho la ghafla hata kanisani utaniona natafuta peremende, na mchungaji ananiangalia vibaya.

Na wewe mwenyewe una ushahidi, ingawa hupendi kuukumbuka. Daktari alishasema sukari yako na yangu si za aina moja, mimi wa vidonge na wewe wa sindano, lakini zote mbili hazipendi kushtukizwa. Mwaka juzi kifua kilipokubana, yule daktari aliandika vile vidonge vidogo vyeupe, mama yako akamwambia pale pale kwamba unajidunga insulini. Akasema, "Mmefanya vizuri, hivi vitapandisha sukari," akatuambia tupime mkojo asubuhi na jioni na turudi kliniki ya sukari kesho yake. Unakumbuka ile dawa ya buluu ya kupimia mkojo ilivyogeuka rangi ya tofali ukaogopa? Mama yako hakuogopa, alikuwa ameshaambiwa. Wakakuongezea insulini kwa wiki ile moja, wakaipunguza tena vidonge vilipokwisha, kifua kikafunguka, ukarudi kwenye netiboli. Hakuna hadithi ya kusimulia harusini. Ndivyo inavyokuwa watu wakijua.

Kwa hiyo sikwambii ukatae dawa. Ukishikwa na malaria huko, na mbu wa huko nasikia ni wakubwa, utatibiwa kama wenzako. Lakini daktari wetu alituambia baadhi ya dawa za malaria hushusha sukari, na nyingine zina mambo yake, na mimi ni mtu wa mikate, sizijui. Wewe pia huzijui. Anayezijua atakuwa ameketi mbele yako na kalamu, na atauliza, au akisahau kuuliza utamkumbusha. Usiache dawa kwa hofu, usipokee ya rafiki kwa upendo, na usimjibu mtu wa kalamu kwa utani. Unaona, nimeanza kuhubiri. Mzee wa kanisa hafi upesi.

Najua kinachokusumbua si daktari. Ni wasichana. Sukari yako ilipojulikana, ukiwa na miaka kumi na minne, wale wa darasa lako walikuwa wakificha peremende ukipita, na mmoja alikataa kukalia kiti chako. Uliporudi ukalia na kusema unataka kuwa Mwende tu. Nilitoka nje nikaosha gari la jirani ambalo halikuwa chafu, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Nakuelewa, mama. Kuwa Baba Mkate tu kulikuwa kutamu sana.

Wiki jana nilimwandikia metroni wenu barua. Nilimweleza kila kitu, nikabandika na stempu. Niliibeba siku tatu, kisha nikaichana, maana una miaka kumi na tisa na habari hii ni yako. Nikimwambia mimi, atajua metroni, lakini wewe utaendelea kuficha. Metroni hatakuwa bwenini saa zote. Nikifikiria siku ukianza kusema ovyo, au ukilala kitandani saa za masomo umelowa jasho, naona wasichana ishirini wamekuzunguka wanakupenda na wanacheka, "Mwende leo ana vituko," na hakuna hata mmoja anayejua kukimbilia sukari. Hilo ndilo linaloniogopesha. Naogopa, Mwende. Nimeliandika kwa kalamu sasa, haliwezi kurudi.

Nawasikia mnakuja, Mama Wambui anakucheka jambo. Lazima niifunge redio.

Kwa metroni na kwa daktari utasema, naamini, ukishatulia. Lakini kabla ya hao, tafuta mmoja. Sikuchagulii, huenda ni wa kitanda cha pili, huenda ni yule mcheshi, huenda ni mkimya kabisa. Mwambie, mwonyeshe biskuti zilipo. Katika barua yako ya kwanza usiniandikie habari za chakula, wala baridi, wala walimu. Niandikie jina lake.

Ni mimi babako, ambaye sasa anakujua vizuri sana.